Kutoka Picha Mnato Hadi Filamu: Mwongozo kwa Mpigapicha Anayetaka Kuongoza

Wapigapicha wengi wa Afrika Mashariki huingia kwenye filamu kwa mlango wa harusi. Mteja aliyezoea kukuita umpigie picha za sendofu anakuuliza kama unaweza pia kumchukulia video, nawe, kwa kuwa kamera uliyonayo ina kitufe chekundu cha kurekodi, unajibu kwamba hilo si tatizo. Miaka miwili baadaye una diski tatu zilizojaa keki zinazokatwa na mashangazi wanaotunza, pamoja na hamu inayokusumbua ya kutengeneza kitu ambacho hata mtu asiyemjua bibi harusi atakitazama mpaka mwisho. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefikia hapo.

Ushauri anaopewa mpigapicha wa aina hiyo mara nyingi ni kuuza vifaa vya picha, kununua kamera ya sinema na kuanza upya. Ushauri huo siukubali. Upigaji picha umekwisha kukupa mambo matatu ambayo mwongozaji mwingine huyatafuta kwa taabu: jambo la kusimulia, watu wanaokuamini na kipato. Kilichobaki kujifunza ni muda, sauti na namna ya kumwongoza mwigizaji, na hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Hatua ya 1: Itafute filamu ya kwanza ndani ya picha zako

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alikuwa kijana wa miaka 16 tu mwaka 1945 alipouza picha kwa jarida la Look la New York, na muda si mrefu akaajiriwa na jarida hilo. Mwaka 1949 Look ilichapisha simulizi yake ya picha kuhusu bondia Walter Cartier. Alipotaka kutengeneza filamu yake ya kwanza, Kubrick hakwenda kutafuta kisa kipya. Alirudi kwa bondia yuleyule, akamfuata katika siku moja ya pambano, na filamu hiyo fupi ikanunuliwa na kampuni ya filamu ya RKO na kutolewa mwaka 1951. Ukiitazama kama mpigapicha utaona alichofanya: alikuwa anajua Cartier anaamka vipi, anakula nini na nani anamfunga bendeji mikononi, kwa sababu alikwisha kuyapiga picha hayo yote. Kazi ya utafiti ilikuwa imeshalipiwa na jarida.

Fanya hivyo hivyo. Fungua makabrasha ya picha zako za miaka mitatu iliyopita na utenge zile ambazo, kila ukiziona, unajiuliza nini kilitokea baada ya kubonyeza. Usichague picha nzuri kuliko zote, kwa sababu picha iliyokamilika haina haja ya filamu. Chagua ile iliyoacha swali: mvuvi anayeshona nyavu huku akitazama barabarani badala ya bahari, au bibi aliyekaa peke yake kwenye kiti cha mbele katika ukumbi uliojaa watu. Kwa kila picha andika sentensi tatu, moja ya kilichotangulia, moja ya kinachoonekana na moja ya kitakachofuata. Picha ambayo sentensi yake ya tatu inakushangaza wewe mwenyewe ndiyo ya kuifanyia kazi.

Kisha nenda ukamwone mhusika bila kamera. Kama ni mtu mzima, nenda na kitu mkononi na ukae kwa muda unaostahili, maana filamu itamhitaji kwa siku nyingi na si kwa nusu saa aliyokupa safari ile ya kwanza.

Hatua ya 2: Jifunze kufikiri kwa muda

Hapa ndipo wapigapicha wengi hukwama, na kosa lao ni moja. Hupiga picha mnato zinazotikisika. Kila kipande kina mpangilio mzuri, mwanga mzuri na rangi nzuri, lakini ukiviunganisha havisemi chochote, kwa sababu hakuna kimoja kinachomfanya mtazamaji akihitaji kinachofuata.

Zoezi la kulitibu kosa hili ni rahisi na halina gharama. Nenda alfajiri kwa mama anayeuza vitumbua mtaani kwako, umwombe ruhusa, na umtazame kwanza. Kama mpigapicha, jicho lako litakimbilia palepale: kijiti kinapokigeuza kitumbua, upande wa kahawia unajitokeza, mvuke unapanda na taa ya barabarani inaung'arisha. Picha hiyo ni nzuri, ipige uimalize. Sasa jiulize maswali ya mwongozaji. Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Kulikuwa na mkaa uliokataa kushika, na upawa uliodondosha tone moja la rojo kwenye kishimo cha kwanza cha chuma ili kujua kama mafuta yamepata moto. Na nani anasubiri? Mtoto wa shule mwenye begi mgongoni na sarafu mkononi, ambaye kila baada ya muda anageuza shingo kutazama kituoni, kwa kuwa daladala lake limeshaanza kujaa.

Tangu mtoto yule alipogeuza shingo, una filamu. Mtazamaji sasa anataka kujua kama kitumbua kitaiva kabla gari halijaondoka, na kila unachomwonyesha, hata chuma kilekile na mvuke uleule, kinapimwa kwa swali hilo. Piga kwanza kipande cha mbali kinachoonyesha jiko, mtoto na kituo, ili mtazamaji ajue nani yuko wapi. Sogea uchukue mikono ya mama, ambayo haina haraka hata kidogo. Chukua uso wa mtoto. Chukua kondakta anayepiga bodi la gari kwa kiganja. Rudi kwenye kitumbua ambacho upande mmoja bado mweupe. Vipande vitano vinatosha, na nyumbani vipange kwa namna tatu tofauti uone jinsi kisa kinavyobadilika ukianza na kondakta badala ya kuanza na jiko.

Katika zoezi hilo zingatia mambo mawili ya kiufundi. La kwanza ni kwamba mpigapicha amezoea kubonyeza na kuondoa kidole, hivyo vipande vyake huwa vifupi mno. Anza kurekodi sekunde tano kabla ya jambo na uendelee sekunde tano baada yake, hata kama unaona hakuna kitu, maana mhariri huishi kwenye sekunde hizo. La pili ni mstari. Vuta mstari wa kufikirika kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, kisha ubaki upande mmoja wa mstari huo katika vipande vyote. Ukivuka bila kukusudia, mama aliyekuwa akitazama kulia ataonekana akitazama kushoto, na mtazamaji atadhani wamepeana migongo. Kwenye picha mnato kosa hili halipo kabisa, na ndiyo sababu hata mpigapicha wa miaka 20 hulifanya siku ya kwanza.

Rudia zoezi kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, kwa fundi baiskeli. Usihamie kwenye mswada wenye mazungumzo mpaka uweze kuwafanya watu watatu wasiokujua wakae kimya kwa dakika mbili wakitazama ulichokata.

Hatua ya 3: Irekebishe kamera uliyonayo

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa mpigapicha hahitaji kufundishwa lenzi. Mambo yanayobadilika ni machache.

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na uiweke shata kwenye 1/50. Ukitumia 1/60 au kasi nyingine uliyoizoea kwenye picha, taa za tyubu na baadhi ya balbu za LED zitatoa mistari inayotembea kwenye picha, na mistari hiyo haiondoki kirahisi katika uhariri. Kwa kuwa shata imefungwa hapo, jua la saa saba mchana litakushinda usipokuwa na kichujio cheusi cha lenzi (ND) cha kupunguza mwanga. Nunua kimoja kinachozungushwa kabla hujafikiria kununua lenzi mpya. Weka mizani ya rangi kwa mkono badala ya kuiachia kamera, vinginevyo uso wa mwigizaji utabadilika rangi katikati ya sentensi. Na uiache kamera ilale. Mkono wa mpigapicha wa harusi huisimamisha wima wenyewe kila anapoona mtu mmoja amesimama.

Hesabu pia nafasi ya kuhifadhi kabla hujatoka nyumbani. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa moja. Siku mbili za kazi zenye saa tatu za kurekodi kila moja zinakufikisha gigabaiti 270, na kwa kuwa kila kitu lazima kiwe na nakala mbili kwenye diski mbili zisizolala nyumba moja, unahitaji maradufu ya hapo. Usifute kadi yoyote mpaka umefungua faili kadhaa kutoka diski zote mbili ukaona zinacheza.

Hatua ya 4: Sauti

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika tisa na niliipiga sebuleni kwa shangazi yangu, Tanga. Nilitumia siku nzima kulipanga dirisha, nikatundika shuka jeupe nje ili mwanga uingie laini, na mpaka leo ninajivunia picha zile. Nilipofika kwenye uhariri nikagundua kwamba friji ilikuwa ikinguruma na kunyamaza kila baada ya dakika chache. Katika sentensi moja ya mwigizaji, nusu ya kwanza ilikuwa na mngurumo na nusu ya pili haikuwa nao. Hakuna aliyeusikia siku ile, kwa sababu masikio ya mtu huzoea friji, ila maikrofoni haizoei kitu.

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo au inayotikisika, akiamini umekusudia. Sauti mbaya haivumilii, hunyanyuka na kwenda zake. Hata waliokuja kuwa mabingwa waliliona hilo kwa gharama: filamu ndefu ya kwanza ya Kubrick, iliyotoka mwaka 1953, ilipigwa bila sauti kwa nia ya kupunguza matumizi, na kuiweka sauti baadaye studioni kukaipandisha gharama kupita alivyotarajia.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali eneo lolote, lifikie saa ileile utakayopigia, ufumbe macho na ukae dakika kumi. Andika ulichokisikia. Adhana ina saa zake, hivyo iweke kwenye ratiba kama mapumziko. Jenereta ya duka la jirani unaweza kuizungumzia na mwenyewe mapema. Bodaboda huwezi kuzizuia, lakini unaweza kuhamia chumba cha uani. Paa la mabati wakati wa masika ni la kuogopwa kuliko vyote, kwani mvua ya robo saa inatosha kuivunja siku yako. Zima feni, na zima friji. Mafundi wa sauti wana mbinu nzuri hapo: ukiizima friji ya watu, weka funguo za gari lako ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Samaki wa shangazi wakioza, hutapewa sebule ile mara ya pili.

Maikrofoni iliyo juu ya kamera ni ya kumbukumbu tu. Tumia ndefu inayoshikwa kwa mti juu ya fremu, karibu na mdomo iwezekanavyo bila kuonekana, na umtafute mtu wa kuishika ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo moja. Maikrofoni ndogo za kubana kifuani zinafaa, ila zifunge kwa tepu kwenye nguo ya ndani, kwa sababu khanga iliyopigwa pasi na wanga inakwaruza kama karatasi. Mwisho wa kila eneo, kabla watu hawajaanza kukunja nyaya, waombe wote wanyamaze na urekodi dakika moja ya chumba kitupu. Kila chumba kina ukimya wake, na utauhitaji kuziba nafasi kati ya sentensi.

Hatua ya 5: Kuongoza watu

Mpigapicha ni mwongozaji wa watu tangu zamani, lakini huongoza miili. "Inua kidevu kidogo, geuka huku, lete bega, hapo hapo." Maneno hayo yanatosha kwa picha kwa kuwa mtu anahitajika kuwa hivyo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukimwambia mwigizaji ahuzunike, atakupa uso wa msiba na kuushikilia dakika nzima kama anayesubiri picha ya paspoti.

Mpe mwigizaji jambo la kumfanyia mwenzake. Chukua tukio ambalo binti amefunga mizigo na anaondoka, na baba amekaa barazani. Baba anaigizwa na mzee wa mtaani ambaye hajawahi kuigiza. Ukimwambia "Mzee, onyesha huzuni," umempoteza. Msogelee, usimwelekeze kwa sauti kubwa mbele ya vijana wa kamera, kwa kuwa mtu mzima hasahihishwi hadharani, kisha umwambie kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, huyu binti hajakuaga. Akishafika pale kwenye mwembe hasikii tena. Mzuie, lakini usimwombe." Sasa ana kazi. Pengine atakohoa, pengine atauliza kama amechukua mwavuli, na swali hilo la mwavuli litakuwa bora kuliko lolote uliloandika.

Fanya mazoezi kabla ya siku ya kupiga, katika nafasi halisi, na uache kamera nyumbani. Usisome mswada neno kwa neno na watu wasio waigizaji. Waeleze kinachotokea, waache waseme kwa lafudhi yao, kisha uandike upya mazungumzo kwa walivyosema. Mkazi wa Pemba aliyelazimishwa kuzungumza Kiswahili cha taarifa ya habari husikika mgeni nyumbani kwake.

Kuhusu kuwapata, rudi kwenye picha zako. Agnès Varda alikuwa mpigapicha wa jumba la maonyesho la Théâtre National Populaire huko Ufaransa, chini ya mkurugenzi wake Jean Vilar, alipoamua mwaka 1954 kupiga filamu yake ya kwanza katika mtaa wa wavuvi wa mji wa Sète. Hakuwa amesomea sinema. Wahusika wawili wakuu, Silvia Monfort na Philippe Noiret, walitoka kwenye jumba lilelile alilokuwa akilipigia picha, na wavuvi wa mtaani waliigiza maisha yao wenyewe. Nani amekaa mbele ya kamera yako miaka hii yote? Waigizaji wa jukwaani, wanamuziki, washehereshaji, mafundi. Hao wanajua kwamba hutawatoa vibaya, na imani hiyo hainunuliki.

Swali linalobaki ni nani ashike kamera. Kwa filamu ya maisha halisi, ishike mwenyewe, kwa sababu uhusiano wako na mhusika umepita kwenye kamera hiyo. Kwa filamu ya kuigiza, mpe mtu mwingine. Gordon Parks alinunua kamera yake ya kwanza kwenye duka la rehani huko Seattle, akawa mwaka 1948 Mmarekani Mweusi wa kwanza kuajiriwa kama mpigapicha wa jarida la Life, na mwaka 1969 akawa wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood, iliyotokana na riwaya yake mwenyewe na kupigwa mjini kwao Fort Scott, Kansas. Aliandika mswada, akatunga na muziki. Kamera aliikabidhi kwa Burnett Guffey, mkongwe wa kazi hiyo. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kamera kwa zaidi ya miaka 20 aliona kwamba jicho lake lilihitajika kwa waigizaji. Nawe utajikuta unanong'ona kuhusu fokasi wakati mzee wako amesema jambo la maana na hukulisikia. Chora fremu unazozitaka, mkabidhi mwenzako, ukae karibu na waigizaji.

Hatua ya 6: Karatasi

Sehemu hii inachosha, lakini filamu nyingi zilizotengenezwa vizuri zimefia kabatini kwa kukosa saini moja. Kila anayeonekana au kusikika asaini makubaliano mafupi kwa Kiswahili, yanayosema filamu ni ipi, atalipwa kiasi gani na itaonyeshwa wapi. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Mwenye nyumba asaini pia. Anayepiga kamera, anayehariri na anayetunga muziki wakubaliane nawe kwa maandishi kuhusu nani anamiliki nini, tena kabla ya kazi, wakati bado mnapendana. Usiweke wimbo wa redio eti kwa kuwa umesikika sekunde kumi tu. Mtafute mwanamuziki wa mtaani na umlipe.

Vibali hutofautiana. Tanzania Bara, filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na utaihitaji kabla ya kupiga na kabla ya kuonyesha hadharani. Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, hivyo kibali kilichotolewa Dar es Salaam usikichukulie kuwa kimemaliza kazi ukivuka maji. Kenya, filamu hukaguliwa na kupangwa madaraja ya umri na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Ukitaka kurusha droni, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika lazima ihusishwe, na si jambo la kuombea jana yake. Pamoja na hayo yote, pita kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ya wizarani haimtulizi jirani aliyeona watu wenye taa kubwa wakiingia uani usiku.

Hatua ya 7: Acha picha zilipe filamu

Harusi hupungua wakati wa Ramadhani na Kwaresima, na mpigapicha mwenye akili huijua kalenda hiyo kuliko mshenga. Badala ya kuilalamikia miezi hiyo, itengee kuandika, kutembelea maeneo na kuhariri. Kupiga filamu kwenyewe uweke kwenye wiki tulivu kati ya misimu, kwa siku chache zilizofuatana, kwa kuwa filamu inayopigwa Jumamosi moja moja huishia na mwigizaji aliyenyoa nywele katikati ya tukio. Katika bajeti, tangulia chakula, usafiri na sauti. Kikibaki kitu ndipo ukodi lenzi. Watu wanaofanya kazi kwa mapenzi husamehe malipo madogo, lakini wali uliochelewa hadi saa kumi hawausamehe.

Kama una kazi za mashirika au magazeti, zoea kurudi na vyote viwili kutoka safari moja. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ambako alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963, alifanya hivyo maisha yake yote, akibeba kamera ya picha mnato na ya picha jongefu kwa pamoja. Picha jongefu alizochukua Korem, Ethiopia, mwaka 1984 ndizo zilizouonyesha ulimwengu njaa iliyoikumba nchi hiyo. Kwa mtu wa kawaida, faida yake ni kwamba mteja analipia safari, nawe unajenga akiba ya vipande kuhusu mahali fulani mwaka hadi mwaka. Hakikisha tu mkataba wako na mteja unakuruhusu kuvitumia.

Hatua ya 8: Hariri bila huruma

Programu kama DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa linalotosha kwa filamu fupi. Ugumu uko kwako. Mpigapicha huzipenda picha zake, na kipande chenye mwanga wa jioni uliousubiri saa mbili kitang'ang'ania kubaki hata kama kisa kimeshapita. Tengeneza toleo la kwanza ukiwa umeondoa rangi zote, la weusi na weupe lisilorekebishwa, ili uzuri usikudanganye. Lisikilize mara moja bila kutazama na ulitazame mara moja bila sauti. Kisha mpe mtu mwingine ahariri, au angalau akae pembeni yako na awe na haki ya kukataa. Varda alimpa mwenzake Alain Resnais filamu yake ile ya Sète aihariri, ingawa angeweza kung'ang'ania nyenzo zake mwenyewe.

Dakika kumi zinatosha kwa filamu ya kwanza. Ukifika 17, rudi ukakate.

Hatua ya 9: Itoe nje

Usiiweke YouTube usiku uleule ulioimaliza. Matamasha mengi hupenda filamu ambayo haijaonyeshwa hadharani, na mengine huikataa kabisa ikiwa imeshapakiwa mtandaoni. Anza na Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ambalo limekuwa likiendeshwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambalo maonyesho yake ya Ngome Kongwe hukukutanisha na watu wa Pwani pamoja na wanunuzi kutoka nje. Angalia pia FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, iliyoanza mwaka 1969 na hufanyika kila baada ya miaka miwili, na tamasha la Durban. Weka tafsiri ya maandishi ya Kiingereza iliyofanywa na mtu, tena anayejua kwamba "pole" haina neno moja upande wa pili, na ya Kifaransa ukiilenga Afrika Magharibi.

Fomu ya tamasha itakuuliza jambo ambalo, kwa aibu, wapigapicha tunalisahau kuliko watu wote. Inataka picha mnato tatu au nne za filamu zenye ubora wa kuchapishwa kwenye bango na kwenye kitabu cha ratiba. Fremu iliyokatwa kwenye video haitoshi, kwa kuwa huwa laini na mara nyingi mwigizaji amefumba macho. Mimi niliomba mwanafunzi wangu anitumie alizopiga kwa simu tukiwa tunakula. Siku ya kupiga filamu yako, mpe mtu mmoja ile kamera yako ya zamani ya harusi, mwambie asimame kando ya kamera ya filamu kwa kila tukio, na baada ya rudio la mwisho uwaombe waigizaji wabaki walipo kwa dakika mbili zaidi ili apige.